Tenisi ya kuzeeka nayo: jinsi ya kuanza, na jinsi ya kubaki uwanjani

Mwaka 2018 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ambayo wapenzi wa tenisi hawajaacha kuyatamba mpaka leo. Waliwafuatilia wakazi wa Copenhagen zaidi ya 8,500 kwa muda wa hadi miaka 25, wakiangalia nani anafanya mazoezi gani na nani anaishi hadi lini. Wacheza tenisi walionekana kuishi miaka 9.7 zaidi ya watu wasiofanya mazoezi yoyote. Mpira wa vinyoya ulifuata kwa miaka 6.2, kandanda 4.7, baiskeli 3.7, kuogelea 3.4, na kukimbia polepole 3.2. Wale wa mashine za gym walipata 1.5 tu.

Namba hizo mimi huzisoma kwa tahadhari. Mwenye nafasi ya kucheza tenisi mara nyingi ana kipato kizuri, ana elimu, na akiugua anatibiwa mapema. Tena, aliye mgonjwa tayari haendi uwanjani. Watafiti hujaribu kuyapunguza hayo kwenye hesabu zao, lakini hayaishi yote, na wao wenyewe hawadai kwamba raketi pekee ndiyo iliyoleta miaka tisa. Hata hivyo utafiti mwingine, wa Uingereza, uliohusisha watu wazima zaidi ya 80,000, nao uliiweka michezo ya raketi juu: hatari ya kufa katika kipindi cha ufuatiliaji ilikuwa pungufu kwa asilimia 47 kwa walioicheza. Hapo angalau pana jambo la kutazama.

Ninachokiona mimi ni kwamba faida humwendea anayecheza kwa miongo. Aliyecheza miezi minane kwa fujo, akaumia kiwiko, akaitundika raketi ukutani, huyo hana lolote la kudai. Ndiyo maana mwongozo huu haufundishi kushinda. Kila hatua hapa inajibu swali moja: je, hili litaniacha uwanjani mwakani?

Hatua ya 1: Jipime kabla hujanunua chochote

Kama una shinikizo la damu, kisukari, historia ya moyo katika familia, au umekaa miaka mingi bila kutoka jasho, anza kwa daktari. Mwambie wazi kwamba unataka kucheza tenisi, maana mchezo huu una mbio fupi za ghafla, si sawa na kutembea.

Kisha fanya majaribio manne nyumbani. Tembea haraka dakika 30 bila kusimama. Inuka kwenye kiti mara kumi bila kushika popote. Simama kwa mguu mmoja sekunde 10, kisha ule mwingine. Mwisho, ukisimama kwa mguu mmoja huku vidole vya mkono vikigusa ukuta, inua kisigino juu na kukishusha mara 15 kila upande.

Jaribio la mwisho ndilo huwaumbua wengi, na ndilo muhimu kuliko yote. Vigimbi dhaifu ndivyo vinavyochanika. Ukishindwa, usikate tamaa wala usiende uwanjani bado: tembea na inua visigino kila siku kwa wiki sita, halafu jaribu tena.

Hatua ya 2: Viatu kwanza, raketi baadaye

Watu hutumia fedha kwenye raketi na kuingia uwanjani na viatu vya kukimbilia. Ni makosa. Kiatu cha kukimbilia kimetengenezwa kwenda mbele tu. Soli yake ni laini na kisigino kiko juu. Tenisi ni mchezo wa ubavuni. Ukisimama ghafla baada ya kukimbilia mpira wa pembeni, soli ile laini inabonyea upande mmoja na kifundo cha mguu kinapinduka. Tafuta kiatu cha tenisi chenye soli pana, ya chini, na kuta ngumu pembeni. Kishike katikati ujaribu kukikunja kama unavyokamua nguo: kikikubali kirahisi, kirudishe kilikotoka.

Raketi ya kuanzia iwe na kichwa kikubwa kiasi na uzito wa wastani, gramu 270 hadi 300 hivi kabla ya nyuzi. Nyepesi mno inaonekana rafiki wa mkono, kumbe sivyo: mpira ukigonga raketi isiyo na uzito, mtikisiko wote unaishia kiwikoni. Unene wa mpini upime hivi. Shika raketi kama unayempa mtu mkono, kisha ingiza kidole cha shahada cha mkono wa pili katika nafasi iliyo kati ya ncha za vidole na kiganja. Kikiingia kwa kubana kidogo, ni saizi yako. Kisipoingia mpini ni mwembamba. Kikichezacheza ni mnene.

Nyuzi ndizo watu wasizoziuliza kabisa. Nyuzi ngumu za poliesta, wanazotumia mabingwa, hazikufai, kwa sababu hupitisha mshtuko na hufa haraka. Omba nyuzi laini zenye vijinyuzi vingi ndani. Kila raketi imeandikwa kiwango cha chini na cha juu cha kukaza. Kaa upande wa chini. Na ule usemi wa wachezaji wa zamani unafaa kufuatwa: badilisha nyuzi kwa mwaka mara nyingi sawa na unavyocheza kwa wiki. Unacheza mara tatu kwa wiki? Badilisha mara tatu kwa mwaka, hata kama hazijakatika.

Hatua ya 3: Miezi mitatu ya uwanja mdogo

Uwanja kamili una urefu wa mita 23.77. Ni mkubwa mno kwa anayeanza. Simama kwenye mstari wa kuanzishia, ulio mita 6.40 kutoka kwenye wavu, na mwenzako asimame kwenye ule wa upande wake. Tumieni mipira ya mazoezi ya rangi ya chungwa, ambayo mwendo wake ni nusu ya ule wa kawaida. Mkizoea, hamieni ya nukta ya kijani. Watu wazima huiona hii kuwa mipira ya watoto na kuona haya. Achana na haya. Mpira wa polepole hukupa muda wa kujipanga, na mwili uliojipanga hauumii.

Lengo la kwanza ni kupelekeana mipira kumi bila kukosea. Kisha ishirini. Mkifika hamsini, rudini nyuma hatua tatu.

Kuna mambo mawili tu ya kuangalia katika kipindi hiki. La kwanza, piga mpira ukiwa mbele ya mwili wako, si ukiwa umeshakupita ubavuni. Mpira uliochelewa hupigwa kwa mkono mtupu, na mkono mtupu ndio unaoumia. Mpira wa mbele hupigwa na miguu, nyonga na kiwiliwili, mkono ukifuata tu. La pili, legeza mshiko. Kama kukaba raketi kwa nguvu zako zote ni kumi, cheza kwa tatu au nne. Mimi ilinichukua mwaka mzima kuelewa hilo. Nilikuwa natoka uwanjani kiganja kimekuwa chekundu, nikidhani ndiyo juhudi.

Pigo la mgongo wa mkono, yaani la mpira unaokuja upande usio wa mkono wako wa raketi, lipige kwa mikono miwili. Wanaolipiga kwa mkono mmoja wanapendeza kutazama, lakini anayejifunza ukubwani hutanguliza kiwiko, na kiwiko kinalipa.

Pigo la kuanzishia mchezo liache mpaka mwezi wa tatu. Ndilo pigo linalolitesa bega kuliko yote. Mpaka bega lipate nguvu, anzisha kwa kuupiga mpira kutoka chini ya kiuno. Sheria za tenisi zinaruhusu kabisa, hata kwenye mashindano makubwa, na atakayekucheka umwache acheke.

Hatua ya 4: Dakika kumi usizoruka

Hapa nina ushahidi wa mwili wangu. Jioni moja nilichelewa, nikakuta wenzangu watatu wananisubiri. Nikaruka moja kwa moja uwanjani. Mpira wa tatu ulikuwa mfupi, karibu na wavu; nikasukuma mguu wa kushoto niukimbilie, nikasikia kama mtu amenirushia jiwe nyuma ya mguu. Niligeuka kabisa kumtafuta. Hakukuwa na mtu. Kigimbi kilikuwa kimechanika, na nilikaa wiki tisa nje kwa sababu ya dakika kumi. Baadaye niligundua kwamba habari ile ya jiwe husimuliwa na karibu kila aliyepatwa na jeraha hilo, na kwamba ni la watu wa miaka 35 kwenda juu hasa.

Basi sasa nafanya hivi, kwa mpangilio huu. Dakika tatu za kutembea haraka na kukimbia polepole kuzunguka uwanja. Hatua za ubavuni, kwenda na kurudi mara nne. Kutembea kwa kunyanyua magoti, kisha kwa kurusha visigino nyuma. Hatua ndefu za kuchuchumaa, nane kila mguu. Kuinua visigino mara 20, nusu ya hizo kwa kasi. Kuzungusha mabega na mikono, mbele na nyuma. Kisha kupunga raketi hewani bila mpira, mapigo kumi kila upande. Mwisho dakika tano za mipira ya taratibu kwenye uwanja mdogo, hata kama nimeshakuwa mchezaji wa miaka mingi.

Kule kunyoosha misuli na kuishikilia imetulia kwa nusu dakika, kuweke baada ya mchezo.

Hatua ya 5: Jifunze kusimama na kurudi nyuma

Wakufunzi husisitiza mbio. Kwa anayetaka kudumu, kusimama ndiko kuna hatari. Mwenzako anapoupiga mpira, ruka kidogo sana, kiasi cha karatasi kupita chini ya viatu, na utue kwa miguu yote miwili magoti yakiwa yamekunjwa. Kutoka hapo unaweza kwenda upande wowote bila kushtuka. Ukikaribia mpira, vunja mbio kwa hatua ndogondogo nyingi, si kwa hatua moja kubwa ya breki.

Mpira wa juu ukikupita kichwani, usirudi kinyumenyume. Usirudi kabisa. Geuka ubavu, mguu mmoja nyuma, ukimbie ukiwa umeutazama mpira juu ya bega. Anayeanguka akirudi kinyumenyume hutanguliza kiganja au kisogo, na ukubwani kuvunjika kifundo cha mkono si mchezo. Kama huwezi kuufikia, sema "safi!" na umwache mwenzako apate pointi yake.

Na mpira uliolala uwanjani uondoe kabla ya pointi kuanza. Kila mara, hata kama uko mbali. Nimeona vifundo vya miguu vingi zaidi vilivyopinduka juu ya mpira uliosahaulika kuliko kwa sababu nyingine yoyote.

Hatua ya 6: Ratiba ya wiki

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au makali dakika 75 hadi 150, pamoja na ya nguvu za misuli siku mbili. Kucheza mmoja kwa mmoja ni zoezi kali. Wawili wawili ni la wastani. Tenisi ina tabia nzuri kwa moyo: pointi nyingi huisha chini ya sekunde kumi, kisha unapumua, unaokota mpira, unaanza tena. Mapigo ya moyo yanapanda na kushuka saa nzima, na wewe unawaza tu mpira uanguke wapi.

Mwaka wa kwanza cheza mara mbili kwa wiki, saa moja kila mara, ukiacha angalau siku mbili katikati. Mwaka wa pili unaweza kuongeza siku ya tatu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: wanaoanza kwa siku tano kwa wiki ndio tunaouliza habari zao baada ya miezi sita.

Siku mbili nyingine ni za nguvu, dakika 25 zinatosha. Inua visigino goti likiwa limenyooka, kisha goti likiwa limekunjwa, maana misuli ni miwili tofauti. Chuchumaa na kuinuka. Lala kifudifudi ukijiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu, nusu dakika mara tatu. Kwa bega, funga ukanda wa mpira unaonyumbulika kwenye kitasa, kiwiko kikiwa kimebana mbavu, na uvute mkono kwenda nje taratibu. Tenisi inaujenga upande mmoja tu wa mwili. Mifupa ya mkono wa raketi kwa wachezaji wa muda mrefu huwa minene waziwazi kuliko ya mkono wa pili. Siku za nguvu ndizo za kuukumbuka upande uliosahaulika.

Hatua ya 7: Kuusikiliza mwili bila kuudekeza

Uchovu wa misuli wa kesho yake, unaoenea pande zote mbili na kuisha kwa siku mbili, ni wa kawaida. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, yanayoongezeka kadiri unavyocheza, si uchovu.

Kiwiko cha tenisi huanza kimyakimya. Siku moja unainua kikombe cha chai, unahisi kama kuna msumari upande wa nje wa kiwiko, na kikombe kinakutetemekea mkononi. Ukifika hapo, punguza kucheza mara moja, legeza nyuzi, na anza zoezi hili. Kaa, laza mkono mezani kiganja kikitazama chini na kifundo kikining'inia nje ya ukingo. Shika chupa ya maji ya nusu lita. Inyanyue kwa msaada wa mkono wa pili, kisha ishushe kwa mkono unaouma peke yake, ukihesabu polepole hadi nne. Mara 15, raundi tatu, kila siku. Utaona mabadiliko baada ya wiki, si baada ya siku. Sindano ya steroidi inaweza kukupa nafuu ya haraka, lakini kano hubaki dhaifu na maumivu hupenda kurudi. Liongee vizuri na daktari kabla ya kulikubali.

Kuna mambo yasiyosubiri. Kifua kubana, maumivu yanayopanda shingoni au kushuka mkono wa kushoto, kizunguzungu, pumzi kukata isivyo kawaida: acha kucheza palepale, keti, na uitiwe msaada wa hospitali. Usimalize gemu. Vilevile ukisikia mlio juu ya kisigino na huwezi tena kusimama kwa vidole vya mguu ule, huenda kano ya kisigino imekatika. Hiyo inahitaji daktari siku hiyohiyo.

Kuhusu jua na maji sina mengi: cheza asubuhi au jioni, vaa kofia, kunywa kidogo kila mnapobadilishana upande.

Hatua ya 8: Punguza uwanja kadiri miaka inavyoongezeka

Anayecheza peke yake anaulinda upana wa mita 8.23. Wawili wakigawana uwanja wao wa mita 10.97, kila mmoja anabaki na takribani mita tano na nusu. Tofauti hiyo ni goti lako. Hakuna umri maalumu wa kuhama. Goti likianza kuvimba kesho yake baada ya kucheza mmoja kwa mmoja, ujumbe umefika. Punguzeni na urefu wa mchezo: badala ya seti ya tatu, chezeni gemu moja ya kuamua ya pointi kumi. Mkifika arobaini kwa arobaini, pointi inayofuata imalize gemu.

Wapo waliotuonyesha umbali wa safari hii. Mfalme Gustaf V wa Sweden alikuwa akijiandikisha kwenye mashindano kwa jina la "Mr G", na aliendelea kucheza akiwa na miaka zaidi ya themanini. Leonid Stanislavskyi wa Ukraine alishiriki mashindano ya dunia ya wazee huko Mallorca, Hispania, mwaka 2021 akiwa na miaka 97. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lina madaraja ya umri yanayoanza miaka 30 na kupanda kwa miaka mitano mitano hadi 90 na kuendelea, kwa hiyo wa kucheza naye hutamkosa.

Wa kucheza naye, kwa kweli, ndiye kifaa ninachokithamini kuliko raketi. Mashine ya kukimbilia haikuulizi ulikuwa wapi wiki iliyopita. Wazee watatu wanaokusubiri wavuni watakuuliza, tena kwa kelele. Tafuta watu sita au saba wa kiwango chako ili mmoja akisafiri na mwingine akiumwa bado mnatimia wanne. Changanyeni umri. Mchague mtu mmoja wa kukusanya ada ya uwanja na kununua mipira. Na msiachane kwa kuambiana "tutawasiliana". Wakati mnafuta jasho, kabla hamjafunga mifuko, semeni siku na saa ya mchezo ujao, na kila mtu aiandike palepale.